Umeme wa Hema Ulaya: Breka Ikishuka, Uliza Imeshuka Lini

Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Uingereza siku hizi huvuka na gari lao wakati wa likizo: feri ya Dover kwenda Calais au treni ya chini ya bahari, hema na magodoro nyuma, kisha Ufaransa na kuendelea kusini. Kwenye viwanja vya kambi huko unaweza kukodi sehemu yenye umeme. Kwa mwenye watoto wadogo, au mwenye dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi, umeme huo ni msaada mkubwa. Shida ni kwamba unakatika, tena mara nyingi saa ambayo mapokezi wameshafunga. Mwongozo huu ni wa saa hiyo.

Kwanza uelewe mpangilio wenyewe. Karibu na sehemu yako kuna boksi la umeme juu ya kiguzo kifupi, unalotumia pamoja na majirani. Lina soketi za bluu zenye matundu matatu, na kwa kawaida kila soketi ina breka yake, yaani swichi inayojishusha na kukata umeme kukiwa na hitilafu. Kutoka hapo inakuja kebo yako, nyingi huwa mita 25. Ndani ya hema kebo hiyo inaingia kwenye boksi dogo la kubebeka lenye soketi za kawaida, breka ndogo moja au mbili, na breka ya kuvuja, ile iliyoandikwa RCD na 30 mA. Hii ya kuvuja hukata umeme unapovuja, na ndiyo inayokulinda usife. Ibonyeze kitufe chake chenye herufi T siku unayofika, kabla hujachomeka kitu kingine. Ikikataa kushuka, boksi hilo usilitumie hata kwa taa moja.

Utaratibu wa kuunganisha nao una maana yake: chomeka kebo kwenye boksi la hema kwanza, na boksi la uwanja liwe la mwisho. Siku ya kuondoka anzia uwanjani. Ukifanya hivyo hutashika hata mara moja ncha ya kebo yenye umeme.

Sasa umeme umekatika. Watu wengi hukimbilia kupandisha breka, ikishuka wanapandisha tena, na tena. Acha. Jiulize imeshuka lini: sekunde ileile uliyochomeka kitu, baada ya dakika kadhaa, au usiku mvua ikinyesha? Jibu la swali hilo litakuondolea zaidi ya nusu ya mashaka kabla hujashika waya wowote.

Hakuna umeme tangu ulipochomeka

Hili ndilo jepesi. Breka ya boksi la uwanja huenda iko chini kwa sababu mgeni aliyetoka aliiacha hivyo, au mapokezi hawajakuwashia. Boksi nyingine hutaka uisukume plagi mpaka mwisho kisha uizungushe kulia kidogo ndipo umeme uje, na kuitoa unabonyeza kitufe chekundu. Nyingine zina mita, hasa Ujerumani, na unalipia kadiri ulivyotumia.

Kama yote hayo yako sawa, chomoa kila kitu kwenye boksi la hema, jaribu taa moja tu, kisha hamishia plagi kwenye soketi nyingine ya boksi lilelile la uwanja ikiwa ipo isiyo na mtu. Taa ikiwaka huko, soketi ya kwanza ni mbovu na kazi ya kuitengeneza ni ya wenye uwanja. Isipowaka kokote, shaka iko kwenye kebo yako au boksi lako.

Halafu kuna suala la adapta. Viwanja vya zamani vya Ufaransa bado vina soketi za nyumbani badala ya zile za bluu, kwa hiyo kipande kifupi cha adapta ni lazima kiwemo kwenye gari. Soketi ya Kifaransa ina kijiti cha ethi (njia ya usalama inayopeleka umeme uliovuja ardhini) kilichochomoza ndani yake. Plagi nyingi za kisasa za Ulaya zina tundu la kupokea kijiti hicho na pia vibati vya pembeni vya soketi za Kijerumani, kwa hiyo plagi moja inatosha Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi na Uhispania. Italia, Uswisi na Denmaki zina maumbo yao. Denmaki ndiyo ya kuangalia sana: plagi ya Kijerumani inaingia vizuri kwenye soketi yao ya zamani na umeme unawaka, lakini ethi haijagusana na chochote. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku birika litakapovujisha umeme kwenye bati lake.

Vyombo vyenyewe mlivyobeba kutoka Uingereza havina shida, maana Ulaya nzima ni volti 230. Hata kifaa kilichotoka Nairobi au Dar es Salaam kinafaa. Mgeni aliyekuja na mashine ya nywele kutoka Marekani ndiye wa kuambiwa mapema, kwa sababu huko ni volti 120. Kama kifaa chake hakijaandikwa 100–240 V, kitaungua.

Umeme unakaa dakika chache, kisha unakatika

Hapa ndipo penye matatizo mengi zaidi, na chanzo chake ni mazoea ya nyumbani. Nyumbani Uingereza soketi moja inakupa ampea 13. Uwanjani unapewa ulicholipia: Uholanzi na Italia utakuta hata ampea 4 au 6, Ufaransa 6 au 10 ni za kawaida, na 16 huwa kwenye viwanja vikubwa. Namba hiyo imeandikwa kwenye breka ya boksi. Isome kabla hujachomeka.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha ampea kwa 230, unapata wati zote unazoruhusiwa kutumia kwa wakati mmoja. Ampea 4 ni wati 920. Ampea 6 ni 1,380. Ampea 10 ni 2,300, na 16 ni 3,680. Sasa geuza birika lako la nyumbani usome chini yake: wati 2,200, pengine 3,000. Kwa umeme wa ampea 6 birika hilo halina nafasi, hata kama taa zote zimezimwa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba haliikatishi breka hapo hapo. Breka ya kawaida ina kibati ndani kinachopata joto polepole na kujipinda. Ukizidisha kidogo tu, inavumilia kwa muda mrefu. Ukizidisha mara moja na nusu au mbili, inachukua sekunde kadhaa au dakika, kisha inashuka. Kwa hiyo birika linaanza kuvuma, maji yanapata uvuguvugu, umeme unakatika, na mtu anasema, "Birika limeharibika." Birika ni zima. Liko mahali pasipolifaa. Na kama breka imeshuka kwa joto, ukiipandisha hapo hapo itashuka haraka zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa kuwa kile kibati bado ni cha moto. Chomoa, subiri dakika kadhaa, ndipo upandishe. Kuna boksi za uwanja zenye kifaa cha kielektroniki ambacho hakina subira hiyo hata kidogo.

Chukua mfano wa asubuhi moja kwenye umeme wa ampea 6. Jiko la umeme la sahani moja, wati 1,500, limewekwa kwa ajili ya chapati. Hiyo ni ampea 6.5, imepita kidogo, lakini breka ya kawaida inaweza kuivumilia, na jiko lenyewe huwa linajizima na kujiwasha likishapata moto. Chapati mbili za kwanza zinatoka vizuri. Friji la safari nalo linaamka na kuongeza wati 50. Bado inakwenda. Kisha mtu mwingine anachomeka birika dogo la wati 800 kwa ajili ya chai ya mtoto, jumla inapita ampea 10, na kabla chai haijachemka kila kitu kimezimika. Anayelaumiwa ni mwenye birika, lakini hesabu ilishajaa tangu jiko lilipowashwa.

Dawa yake ni kupanga zamu na kubeba vyombo vidogo. Birika la safari la wati 750 hadi 1,000 linachelewa kuchemsha, lakini linachemsha. Sufuria ya umeme ya wali kwa kawaida haifiki wati 700, kwa hiyo inafaa sana. Chapati, kwa maoni yangu, pika kwa jiko la gesi nje ya hema, na umeme uuache kwa friji, taa na simu. Ukijua utahitaji hita, lipia ampea 10 tangu mwanzo, ukikumbuka kwamba mapokezi hawawezi kukuongezea kila mara baadaye.

Inashuka papo hapo

Ikiwa breka inashuka sekunde ileile unayochomeka kitu, usifikirie uzito wa matumizi. Sasa ni moja kati ya mawili: nyaya zinagusana mahali, au umeme unavuja kwenda ardhini.

Tazama ni breka ipi iliyoshuka. Ile ya kawaida ikishuka papo hapo, tafuta shoti: plagi iliyokanyagwa, waya uliobanwa na mlango wa gari, vigingi vya hema vilivyotoboa kebo (hutokea sana, kwa sababu kebo hupita chini ya ukingo wa hema mtu anapopigilia). Ile ya kuvuja ikishuka, kuna kifaa au kiungo kinachopitisha umeme pasipotakiwa.

Chomoa kila kitu. Nasema chomoa kabisa, kuzima swichi hakutoshi. Swichi nyingi za Kiingereza hukata waya wa laini (unaoleta umeme) peke yake, na kama nyutro (waya wa kuurudisha) ya kifaa imegusa ethi, breka ya kuvuja inaweza kushuka hata kifaa kikiwa kimezimwa. Watu hupoteza jioni nzima hapa kwa sababu walizima na hawakuchomoa. Ukishachomoa vyote, pandisha breka. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja kimoja, ukisubiri kidogo kila kimoja, mpaka umpate mwenye kosa. Mara nyingi ni birika la zamani, jiko la umeme lililokaa mwaka mzima kwenye banda lenye unyevu, au ekstensheni iliyolala kwenye nyasi.

Ikishuka hata bila kifaa chochote, chomoa kebo uwanjani na uikague yote kwa mkono, mita kwa mita. Ukiona imekatika ngozi, usiifunge kwa selotepu. Nunua nyingine.

Inashuka mvua ikinyesha, au alfajiri

Hayo ni maji, hata kama usiku haukuwa na mvua. Alfajiri umande hulowesha kila kitu, na ndani ya hema pumzi za watu wanne au watano hugeuka maji yanayotiririka kwenye kitambaa. Boksi lililowekwa sakafuni pembeni mwa hema linapata yote hayo. Liinue: juu ya kreti, au lining'inize kwenye nguzo ya hema, mbali na ukuta.

Nje, mahali pa kutilia shaka ni kiungo kati ya kebo na adapta. Plagi ya bluu yenye kifuniko chake huhimili maji ya kurushwa, lakini haikutengenezwa kulala kwenye dimbwi. Adapta ya soketi za nyumbani ni dhaifu zaidi. Kiungo chochote kikae juu ya ardhi, na kebo ishuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili maji yadondokee pale chini badala ya kufuata waya mpaka ndani. Usikifunge kiungo kwa mfuko wa plastiki uliokazwa. Mfuko unafungia mvuke humo humo, na asubuhi utakuta maji ndani yake. Kikilowa, chomoa kebo uwanjani kwanza, pangusa, anika mpaka kikauke kabisa, ndipo ujaribu tena.

Umeme upo, lakini ni dhaifu

Hita inatoa uvuguvugu, taa zinafifia jirani wanapopika. Sababu ya kwanza ni urefu na wembamba wa kebo. Kebo nzuri ya kambi ina nyaya za milimita mraba 2.5, na ikiwa mita 25 ikibeba ampea 10 hupoteza volti kama 4 tu. Mita 50 za kebo ya 1.5 kwa mzigo huohuo hupoteza karibu volti 13. Ongeza hapo upungufu wa uwanja wenyewe saa za jioni. Hita ya wati 1,000 ikipata volti 207 badala ya 230 inatoa kama wati 810. Haijaharibika. Kaa karibu na boksi, na usiunganishe ekstensheni za nyumbani moja baada ya nyingine.

Friji la safari ni habari nyingine, na hapa naomba wenye dawa wasome polepole. Aina ya bei nafuu, ile yenye feni inayovuma mfululizo, haina uwezo wa kufika baridi unayoitaka. Inashusha joto digrii 15 hadi 20 chini ya hewa inayoizunguka, basi. Mchana wa Julai kusini mwa Uhispania ndani ya hema panaweza kufika digrii 38, na friji hilo litakuwa na digrii 18 au zaidi. Maziwa yataharibika, na insulini ya akiba, inayotakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, itakuwa hatarini huku taa ya friji ikiwaka kijani. Mwenye insulini anunue friji lenye kompresa na aweke kipimajoto ndani. Lile linalotumia gesi na umeme linapoza kuliko la feni, ila lisimame sawasawa. Likiinama halipoi.

Kebo au plagi ina joto

Kebo iliyobaki kwenye reli yake (gurudumu la kuiviringia) hujikusanyia joto na inaweza kuyeyuka. Reli nyingi zimeandikwa wati mbili tofauti, ndogo kwa kebo iliyoviringwa na kubwa kwa iliyokunjuliwa yote. Ikunjue yote hata kama boksi liko hatua chache tu, na iliyozidi iilaze chini kwa mizunguko mipana, mbali na njia ya magari. Kama joto liko kwenye plagi peke yake, skrubu za ndani zimelegea au soketi ya uwanja imechakaa. Ukiona weusi wa kuungua, hama soketi na uwaarifu mapokezi.

Unatekenywa ukigusa chuma

Usijaribu chochote. Nenda kwenye boksi la uwanja uchomoe kebo, na uwazuie watoto wasiguse kitu. Mtekenyo maana yake bati lina umeme, ethi haifanyi kazi, na breka ya kuvuja haijakuona. Usichomeke kifaa chochote tena mpaka testa ya plagi, ile yenye taa tatu inayouzwa kwa bei ndogo, ikuonyeshe kwamba ethi ipo, na kifaa kilichokutekenya kiondolewe.

Testa hiyo pia inaweza kukuonyesha kwamba laini na nyutro zimebadilishana. Bara la Ulaya jambo hilo ni la kawaida, kwa sababu plagi ya Kijerumani huingia upande wowote. Vifaa vitafanya kazi kama kawaida, lakini swichi na fyuzi ya plagi ya Kiingereza vitakuwa kwenye nyutro, kwa hiyo kifaa ulichokizima bado kina umeme ndani. Kwa mtu wa hema jibu langu ni kuchomoa plagi kila mara badala ya kutegemea swichi. Zile adapta za kupindua nyaya siwashauri watu wazibebe. Zikisahaulika kwenye soketi iliyo sawa, zinaleta lile tatizo zilizonunuliwa kuliondoa.

Breka iliyoshuka imefungiwa ndani ya boksi la uwanja

Viwanja vingi hufunga boksi kwa ufunguo, na usiku huna la kufanya. Jambo moja lisifanyike: kuingiza jiko hemani ili kuota moto. Liwe la mkaa, la gesi, au makaa yanayoonekana yamekufa, yote hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na hema huijaza haraka. Familia hulala na haziamki. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Jenereta nayo isikae karibu na mlango. Beba kengele ya gesi hiyo inayotumia betri, uiweke hemani kila usiku, lakini usiichukue kama ruhusa ya kuwasha jiko. Baridi ikizidi, vaeni soksi na kofia, watoto walale katikati, na mtandike blanketi chini yenu pia, kwa sababu baridi kubwa inatoka ardhini.

Asubuhi nenda mapokezi na namba ya sehemu yako. Ufaransa sema "ça a disjoncté", Italia "è saltata la corrente", Uhispania "ha saltado el diferencial". Waeleze na ilishuka lini, baada ya kuwasha nini. Lakini kabla fundi hajaipandisha, rudi hemani uchomoe kila kitu, vinginevyo itashuka tena mkononi mwake.